Msomaji wa Saa Nne

Kazi yangu mimi ni kuwaandikia watu barua pepe za kuuza. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine, na imenilisha. Nimemwandikia mwalimu wa kuogelea, nimemwandikia mama anayetengeneza sabuni, nimemwandikia hata mtu anayefuga nyuki ambaye mwenyewe anaogopa kuumwa. Utaratibu ni ule ule. Humwambii mtu anunue. Unamwambia njoo nikufundishe bure. Anaacha anwani yake, unamtumia somo moja kila siku kwa siku saba, fupi, la kweli, la kumfaa. Siku ya nane, akiwa keshakuzoea kama jirani yake, ndipo unamwambia kwamba unacho cha kuuza. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishayamaliza haya kabla ya kompyuta.

Mteja mmoja tu alinishinda, naye ni Mama Mdogo.

Mama Mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu, ni fundi cherehani. Watu wote wanamwita Mama Pini, kwa jina la utani la binti yake wa pekee, ambaye tangu ana miaka sita alikuwa akizunguka chumba cha kushonea na pini zimejaa mdomoni, akiigiza ukubwa. Chumba chenyewe kina dirisha pana linalotazama uani na meza ndefu ya kukatia, na sakafu ambayo hata ukiifagia mara ngapi utatoka na nyuzi kwenye soksi. Mama Mdogo akitia mkono wa gauni hutauona mshono mpaka uambiwe ulipo. Ila ulimi wake, Mungu anisamehe, ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

Mumewe, Baba Mdogo, alifanya kazi miaka thelathini ya kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji. Alipostaafu akahamia uani, na kiti chake na redio yake na ukimya wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, akitoa moja unajua amelipima.

Pini alijifunza kazi kwa mama yake mpaka siku ile ya gauni la bibi harusi. Satini, kitambaa cha mwenyewe bibi harusi, na hakikubaki hata kipande. Pini akasahau kugeuza karatasi ya kukatia, ile yenye umbo la mkono, akakata mikono miwili yote ya kushoto. Hilo ni kosa la fundi anayejua kazi na aliyechoka, maana asiyejua huharibu kila kitu. Lakini Mama Mdogo aliona soni mbele ya bibi harusi na mashangazi zake, na alipoona soni alipandwa na hasira.

"Mikono hiyo," alimwambia, "Mungu alikupa ya kushikia ufagio. Sindano mwachie mwenye akili."

Na hakuishia hapo. Aliendelea, akamrudisha mpaka utotoni, na mashangazi wakitazama chini. Baba Mdogo alikuja kutoka uani, akasimama, akasema maneno manne tu: "Pini. Mlango huo. Toka." Pini akatoka. Haikupita robo saa akapita barabarani na begi lake, na hakurudi.

Ulimi hauna mfupa, lakini ulivunja nyumba ile. Lawama yote alibebeshwa Baba Mdogo. Mama Mdogo alisema, na aliyasema kwa kila mteja aliyekuja kupimwa, kwamba yeye alitukana mikono tu, aliyemfukuza mtoto ni baba yake. Baba Mdogo hakujibu. Wakaacha kusemeshana. Mimi nilikuwa nakaa nao, na kompyuta yangu iko kwenye kona ya kile chumba cha kushonea, kwa hiyo nikageuzwa posta. "Mwambie baba yako mdogo chakula kiko mezani," naye baba mdogo amesimama hatua mbili kutoka kwetu. "Mwambie mama yako mdogo nimesikia." Mwanzoni nilicheka. Mtu hawezi kucheka miaka miwili.

Wazo la masomo lilikuwa langu. Wateja walipungua, nguo za dukani zimejaa, na Mama Mdogo alikuwa na kabati zima la karatasi za kukatia alizochora mwenyewe, za kila umbo la mwanamke. Nikamwambia tutawafundisha watu kushona gauni kwa siku saba, bure, halafu siku ya nane tutawauzia zile karatasi. Akanitazama juu ya miwani.

"Kizuri chajiuza," akasema. "Mimi sitembezi bidhaa."

"Hutembezi, Mama Mdogo. Unafundisha. Mimi nitaandika, wewe sema tu."

"Na nitajuaje kama wamesoma? Watu wa siku hizi hawasomi hata bei."

Nikamweleza kwamba mashine inatoa ripoti, inaonyesha nani amefungua barua na amefungua saa ngapi. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Sijawahi kumwona akisimamisha mkasi katikati ya kitambaa.

"Inaonyesha mpaka jina?"

"Mpaka jina."

"Basi mweke na Pini."

Alikuwa na anwani ya Pini ya zamani, ile aliyokuwa akiagizia vifungo na zipu. Namba ya simu Pini alikwishabadilisha, na mjomba aliyekuwa nayo aliapishwa asiitoe. Kanuni ya kwanza ya kazi yangu ni kwamba humweki mtu kwenye orodha bila yeye kuomba. Nikaivunja. Ungemwona uso ungeivunja na wewe.

Kuanzia siku hiyo biashara ilikuwa yangu peke yangu, Mama Mdogo alikuwa na shughuli nyingine. Alitaka kujua kama mwanawe anamsoma. Somo la kwanza, namna ya kumpima mtu bila kumwaibisha, likafunguliwa na watu thelathini. Pini hakufungua. La pili, hakufungua. Kila asubuhi Mama Mdogo alikuja nyuma ya kiti changu na futi shingoni, haulizi kitu, anapumua tu. La tano, hakufungua. La sita aliniuliza kwa sauti, na nilipotikisa kichwa alienda kukaa kwenye cherehani, akaweka uso juu ya kitambaa akalia, huku mguu unakanyaga ili mlio wa cherehani ufunike. Nyumba ni ndogo. Aliyekuwa uani alisikia kama nilivyosikia mimi.

Siku ya saba somo lilitoka saa tatu kama kawaida. Saa nne na dakika chache, jina la Pini likawaka. Amefungua la saba. Halafu akafungua la kwanza, la pili, la tatu, moja moja kwa mpangilio, mpaka akayamaliza yote.

Mama Mdogo alipiga kigelegele peke yake, akanikumbatia na pini zake kifuani zikanichoma. "Amesoma! Mwanangu amesoma!" Kupitia dirishani nilimwona Baba Mdogo kwenye kiti chake amejiinamia. Nikasema moyoni, mzee huyu ana moyo wa jiwe, hata habari ya mtoto haimnyanyui. Ninaandika hivyo leo kwa aibu.

Siku ya nane nikaleta barua ya kuuza. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri, na nilijisifu mwenyewe. Mama Mdogo akaisoma, akaikunja kana kwamba ni kitambaa.

"Hii hatutumi."

"Mama Mdogo, hii ndiyo sababu ya yote saba!"

"Nikishauza, somo limekwisha. Likiisha, Pini ataondoka tena. Andika somo la nane."

Tukaandika la nane. Halafu tukawa tunatoa moja kila Jumanne. Kola. Pindo. Kukata mshazari. Namna ya kufumua bila kuumiza kitambaa. Watu wakaambiana, orodha ikajaa, wanafunzi wa mbali wakaandika wakiomba kununua karatasi, na Mama Mdogo akawajibu "bado." Maisha yangu yote nimetafuta wateja wanaobembeleza kuuziwa, nikawapata kwa mfanyabiashara asiyetaka kuuza. Kila Jumanne saa nne jina la Pini liliwaka, na Mama Mdogo angerudi kwenye cherehani anaimba puani. Kazi ilimrudia mikononi. Ilikuwa tamu kuiona.

Masomo nayo yakaanza kubadilika. Yalianza na ushonaji na kuishia kwingine. Lile la kufumua alilimalizia hivi, neno kwa neno: "Ukikosea, usivute uzi kwa nguvu. Mimi nilivuta kwa nguvu kitu ambacho kilikuwa kizuri, na sasa nina tundu ambalo sijui kulitia kiraka." Wanafunzi waliandika kwamba wamelia. Nami nikalalamika kwamba barua zangu za kuuza zimegeuka barua za kilio, akaniambia nifunge mdomo nipige chapa.

La kumi na tisa lilihusu kutia mikono, na nilijua litatupeleka wapi. Alilisema amesimama dirishani, kwa sauti kubwa, kama kawaida yake. Alieleza kushoto na kulia, namna ya kugeuza karatasi, kisha akasema andika: "Mwanangu, nilikutukana, na ninaomba unisamehe. Lakini mimi sikukufukuza. Aliyekuonyesha mlango ni baba yako, na kwa hilo sitamsamehe maadamu niko hai." Nikamwomba aondoe sentensi ya mwisho. "Tuma," akasema. Nikatuma.

Siku ile Pini alilifungua mara kumi na moja.

"Umeona?" Mama Mdogo aliniambia, macho yanang'aa. "Anakubali. Anajua nani alimkosea." Jioni niliambiwa nimwambie baba mdogo chakula kiko mezani. Alinijibu nimwambie mama mdogo kwamba ameshiba. Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Nilipeleka ujumbe kama posta, sikufikiri.

Tulifika somo la sitini na tatu. Jumatatu moja Baba Mdogo alianguka uani. Hospitali walisema damu imevuja kichwani. Alikuwa amekata kauli, macho tu ndiyo yaliyobaki na akili. Mama Mdogo alikaa kando ya kitanda chake, mkono juu ya shuka, karibu na mkono wake lakini haukuugusa. Mtu akinuna miaka miwili hajui aanzie wapi.

Jumanne somo likatoka lenyewe, maana tulikuwa tumeliweka tayari. Saa nne ikapita. Saa tano. Mama Mdogo akaninong'oneza pale pale kitandani nitazame kwenye simu yangu.

"Hajafungua," nikasema.

"Labda yuko kazini. Tazama tena."

Saa sita, hajafungua. Saa nane, hajafungua. Na kila nilipolisema hilo neno, Baba Mdogo alifumba macho kwa nguvu, na mkono wake uliobaki na uhai ukawa unapapasa shuka kuelekea kwenye koti lake lililotundikwa. Tulidhani anasikia baridi. Tukamfunika.

"Nimemkosea nini tena?" Mama Mdogo aliniuliza. "Somo lile lina ubaya gani? Ni la vifungo tu!"

Baba Mdogo alifariki Ijumaa mchana. Muuguzi alinikabidhi nguo zake kwenye mfuko. Nilipolikunja koti, simu ikadondoka, na nilipoifungua nikayakuta masomo yetu yote, sitini na mawili yamesomwa, la sitini na tatu halijaguswa. Ilikuwa simu ya zamani ya Pini, aliyoiacha kwenye droo kioo kimepasuka, na barua pepe yake bado imo. Mzee aliitengenezesha, akaivalisha kava jipya, akanijia siku moja akiniomba nimuunganishe na mtandao wa nyumbani asikilize taarifa ya habari. Nilimwandikia nywila kwa vidole vyangu hivi, wala sikuinua macho kutazama ni simu ya nani.

Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka wahudumu wakaniuliza kama naumwa. Zile mara kumi na moja za somo la kumi na tisa ziliniua. Nikaifunga simu kwenye kitambaa, nikajiambia sitasema. Acha mama aamini kuwa mwanawe alimsoma. Niliona ni huruma. Labda ilikuwa woga.

Kumbe Pini alikuwa njiani. Mjomba alimpigia simu, na siku ya mazishi alifika, amenenepa kidogo, amevaa gauni la dukani. Mama Mdogo alimwona langoni akamkimbilia, watu wakapisha. Jambo alilolililia kila Jumanne limemjia kwa miguu yake, siku aliyovaa nguo za msiba.

"Ahsante mwanangu," alikuwa akisema, amemshika uso. "Ahsante kwa kunisoma. Ahsante kwa kila Jumanne."

"Kusoma nini, mama?"

"Masomo. Yote sitini na mawili."

Pini alinitazama mimi juu ya bega la mama yake. "Masomo gani? Mimi nimekuja kumzika baba."

Nilisema baada ya wageni kuondoka, tukiwa watatu kwenye chumba cha kushonea. Nilitoa simu nikaiweka juu ya meza ya kukatia nikaeleza yote, sikuruka kitu. Mama Mdogo hakuinuka wala hakupiga kelele. Aliuliza tu mumewe alikuwa akiyasomea wapi.

"Nadhani pale kwenye kiti chake, uani. Nje ya dirisha hili."

"Alikuwa ananisikia nikisema, halafu anasubiri barua?"

"Ndiyo, Mama Mdogo."

Pini aliichukua simu akasoma. Alisoma muda mrefu, amesimama, na alipofika la kumi na tisa aliketi chini sakafuni kwenye nyuzi.

"Mama, baba hakunifukuza," alisema. "Begi nilikuwa nimelifunga tangu jana yake. Robo saa nani anafunga begi? Nilikuwa naondoka hata gauni lile lisingeharibika. Baba alinitoa nje ili ulimi wako uniachie. Alinifuata nje akanishika mkono, akaniambia nenda kapumue. Mimi ndiye sikurudi."

Mama Mdogo akaanza kusema, na hakuwa akisema nasi. "Nimemwambia kila kitu. Nilivyoogopa, nilivyojuta, nilivyokuwa msichana. Mwaka mzima na zaidi nimemweleza mtu yule moyo wangu wote, na mezani sikumwambia hata karibu." Alilia kama watu wanavyolia wakiwa peke yao, bila kujifunika.

Majuto ni mjukuu, watu husema, huja baadaye. Kwa Mama Mdogo yalikuja usiku ule ule yakakaa. Pini alimlaza akalala kando yake. Hawakupatana kwa maneno, wala sidhani kama wamemaliza mpaka leo.

Jumanne iliyofuata Mama Mdogo alioga, akavaa, akaja nyuma ya kiti changu. Akasema andika. Nikamuuliza ni somo la ngapi.

"Si somo. Na usiwatumie wale wengine. Ni ya anwani ile moja tu." Akajikohoza. "Andika: Baba Pini. Nimeambiwa ukweli wa mlango. Nilikuwa nimekosea, na nililisema kwa watu wote, na nililisema kwako bila kujua, nawe ukaendelea kusoma. Chakula kiko mezani. Njoo ule."

Nilipiga chapa sioni vizuri. Saa tatu nikatuma. Akavuta kiti akaketi karibu nami, mikono mapajani, akikodolea kioo cha kompyuta. Saa nne ikafika. Pini alikuwa mlangoni, simu ile mkononi mwake, imewaka, barua iko juu kabisa. Kidole chake kilikuwa kimeshakaribia, na alinitazama kuniuliza.

Mama Mdogo hakugeuka. "Pini, usiiguse," alisema. "Pale hospitali somo halikufunguliwa, nami sikuelewa. Niache nione haifunguliwi."

Pini akaizima simu. Tukakaa pale, watatu, mpaka saa tano.